Nilivyomwita Mjumbe Amwokoe Isha

Nimeaibika leo, jamani. Tena mbele ya mjumbe wa mtaa, kichwa kikiwa kimesukwa upande mmoja tu. Nimejifungia chumbani, naandika haya huku masikio bado yananiwaka. Someni, lakini mcheke kwa heshima.

Mnajua nimeandika kitabu. (Mnajua, maana nimewasumbua nacho mwaka mzima.) Ni riwaya fupi ya vijana, yangu ya kwanza, na kuna mchapishaji anayeandaa vitabu vipya vya rika hilo kutoka kwa waandishi tusiojulikana. Juzi mhariri, dada Konso, akanipigia. Kisa amekipenda. Ila kuna ishu.

"Tumsifu, hawa mabinti wako wana miaka kumi na sita, lakini wanaongea kama wanasoma taarifa ya habari," akaniambia. "Rekebisha mazungumzo mpaka Jumatatu. Ukishindwa, nafasi yako nampa mwingine."

Akaongeza kwamba sura tatu za mwanzo ameshawatumia wasichana fulani wa klabu ya kusoma, waonje. Hilo halikuniingia kabisa. Mie nilibaki na taarifa ya habari tu. Niliumia! Mimi najionaga kijana bado. (Nina miaka thelathini na saba na goti linalotabiri mvua.)

Basi nikapata akili. Shule zimefungwa, na binti wa hapa Chamazi akiwa likizo lazima asuke. Asubuhi nikaenda saluni kwa Mama Shadya. Nimehamia mtaa huu hivi karibuni kutoka Sinza, hakuna anayenijua wala anayejua kwamba naandika. Nikaomba rasta ndogondogo kuliko zote, zile za kukaa kutwa nzima, nikalipa kwa simu, nikakaa kwenye kiti. Nia yangu ilikuwa moja, kuiba maneno.

Na maneno yakaja! Pembeni yangu walikuwa mabinti wawili wa kidato cha tatu, Nasra na Gladi, wanasukana wenyewe kwa wenyewe. Midomo yao haikupumzika. Mimi nikashika simu nikajifanya nachati, kumbe naandika kila wanachosema. Mtu hasemi "ameondoka", anasema "kasepa". Mtu hakasiriki, "anamaindi". Nilikuwa na furaha ya mtoto aliyeachiwa sufuria ya ubwabwa akwangue ukoko.

Kisha nikaanza kusikiliza wanachokisema, siyo namna wanavyokisema. Furaha ikapungua.

Walikuwa wanamzungumzia mwenzao, Isha. Huyu Isha anaishi na shangazi yake, mwanamke mwenye mdomo mchungu ambaye wao wanamwita Bi Vidonge. Bi Vidonge kamtafutia mchumba. Na mchumba mwenyewe ni mzee mmoja anayepaka rangi ndevu, wamempa jina la Babu Rangi.

"Mie ningekuwa Isha ningeshasepa zamani," Gladi akasema.

"Anasepa leo," Nasra akajibu. "Begi kashaficha chini ya kitanda. Usiku anadaka basi la Lindi, anaenda kwa bibi yake. Bi Vidonge akiamka, kimeumana."

Leo! Mtoto wa watu, usiku, peke yake, mpaka Lindi! Nikasahau kuandika. Nikamtazama Mama Shadya kwenye kioo, naye nikaona macho yamemlenga machozi. Akaniinamia sikioni akanong'ona kwamba tangu asubuhi watoto hawa wanamuumiza roho kwa habari za huyo Isha, na hajui afanye nini.

Nikamuuliza kwa nini asiwaulize wenyewe. Akasema ukiwauliza watanyamaza, halafu watamtonya mwenzao, naye atawahi kutoroka. Nikaona kweli. (Mtu mzima mmoja akikosea ni bahati mbaya. Sisi tulikuwa wawili, tukasaidiana.)

"Mjumbe yuko hapo nyuma tu," Mama Shadya akanong'ona.

Nikasimama. Upande wa kulia wa kichwa rasta zimeshuka mpaka mabegani, upande wa kushoto nywele zangu zimesimama wima kama zimeitwa majina darasani. Shingoni kitambaa cha saluni. Nikatoka hivyohivyo, mbio, kwenda kumwokoa mtoto. Mama mmoja muuza mihogo akaniuliza kuna nini. Nikamwambia kuna binti anataka kuozwa kwa nguvu. Akaacha mihogo, akanifuata.

Mjumbe wetu ni Mzee Chilumba, Mmakonde mtaratibu anayechonga vinyago uani kwake. Nilimkuta anapiga msasa kichwa cha kinyago. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote kwa pumzi moja: shangazi, mchumba, begi, basi. Niliongea vizuri sana. Nilimwambia kwamba jamii inayonyamaza inashiriki kosa. (Hiyo sentensi imo kwenye kitabu changu. Niliona isiende bure.)

Mzee akainuka, msasa mkononi, uso umekunjamana. Tukarudi saluni msafara mzima: mjumbe mbele, mimi nyuma yake, mama wa mihogo na majirani zake wakifuata. Nikajiona shujaa. Nasra na Gladi walipotuona tunajaa mlangoni wakashtuka, kitana kikaanguka.

Mzee Chilumba akaketi kwenye kiti cha plastiki, akaongea kwa upole. "Wanangu, msiogope. Isha yuko wapi?"

Wakatazamana.

"Isha?" Gladi akauliza. "Isha yupo kwenye simu ya Nasra."

"Basi mpigieni."

Nasra akanipa mimi simu yake, nadhani kwa sababu ndiye niliyekuwa nimevaa miwani. Nikaangalia. Hakukuwa na namba ya mtu. Kulikuwa na kurasa. Nikaanza kusoma kwa sauti ili mjumbe asikie:

"Mwanaisha alighadhibika mno. Akatamka kwa sauti iliyosheheni simanzi, 'Ewe shangazi, hakika sitaridhia ndoa hii.'"

Nikasema moyoni, sentensi hii nimewahi kuiona wapi?

Nikairudia kuisoma. Mwanaisha. Shangazi. Mchumba mwenye ndevu zilizokolea hina. Mimi niliandika sanduku la bati, wao wakalifanya begi. Safari ya Lindi wala sikuiandika, sura ya tatu inaishia Mwanaisha anapofunga sanduku. Wale walikuwa wanapanga wenyewe kitakachofuata! Dada Konso alisema ametuma kwa wasichana fulani. Wasichana fulani walikuwa hawa.

Nilikuwa nimeshindwa kuitambua hadithi yangu mwenyewe. Kisa, ilikuwa inaongea kama watu.

"Ni kitabu, babu," Nasra akamweleza mjumbe. "Tumepewa tusome tuseme kama ni kizuri."

"Ni kizuri?" mjumbe akauliza.

"Stori kali. Ila mwandishi anazingua, anaandika kama anatangaza msiba redioni. Sie maneno yake tunayaruka, tunaweka ya kwetu. Lakini Isha tunampenda kinoma. Jana Gladi kalia."

Ndugu zangu, nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Nikaamua ninyamaze, nirudi kwenye kiti, nimalizie upande wa kushoto. Ningepona! Lakini Mama Shadya alikuwa amechukua ile simu, anapandisha ukurasa juu mpaka mwanzo.

"Tumsifu Mwakabole," akasoma taratibu. Akatoa simu yake mwenyewe, akatazama ujumbe wa malipo yangu ya asubuhi. Akaniangalia. "Mama, si jina lako hili?"

Mama wa mihogo akasogea mbele ili aone vizuri.

Mzee Chilumba akanitazama kuanzia rasta mpaka ndala. Akaweka msasa gotini.

"Mwanangu," akasema, "mtoto umemtesa wewe. Mchumba umemtafutia wewe. Halafu unakuja mbio kunishtakia mimi?"

Kicheko kilichofuata nadhani kimesikika Mbagala. Mama Shadya alikaa chini kabisa. Gladi alinipigia magoti akiomba radhi kwa yale ya redioni, huku machozi ya kucheka yanamtoka. Na mimi, mnisamehe, nikacheka nao mpaka mbavu zikauma. Watoto hawakuwa na habari kwamba nipo, na walikuwa wanagombania maisha ya mtu niliyemtunga mezani kwangu Sinza, umeme umekatika. Ningetaka nini zaidi?

Mchana wote tukakaa pale. Nilisoma mazungumzo yangu kwa sauti, Nasra na Gladi wakayatupa moja baada ya jingine, wakanipa ya kwao. "Hakika sitaridhia ndoa hii" sasa imekuwa "Siolewi, shangazi, na sirudii." Mama Shadya akamalizia kichwa bila kunidai hela ya ziada.

Wakati naondoka nikapita kwa Mzee Chilumba kumwomba radhi. Hakuinua macho kwenye kinyago chake.

"Lakini huyo binti," akauliza, "Lindi anafika?"

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Kwenye sura ya nne, ambayo hakuna aliyepewa, Mwanaisha hatoki hata nje ya geti. Shangazi anamkamata na sanduku lake, anaomba msamaha, tunapata funzo.

"Anafika, mzee," nikasema.

"Vizuri. Maana ningekuja kukuuliza."

Kwa hiyo sura nzima imeshafutwa, na Jumatatu iko mlangoni. Tafadhali msinicheke. Ila kama mna ndugu Lindi, muulizeni mabasi ya huku yanaingia saa ngapi, nina mtoto wa watu njiani.