Nafasi ya Thelathini

Jumatatu, 8 Juni

Ligi inarudi! Miezi mitatu ya kukaa kitako nyumbani nikigombea rimoti na mama mkwe imekwisha. Katibu wa klabu ametukusanya uwanjani, kila mtu na barakoa yake, mita mbili mita mbili, utadhani tumenuniana. Mechi ya kwanza ni Jumamosi hii, hapa nyumbani. Mashabiki hawaruhusiwi. Halafu akatupa kombora: kila timu itaingiza watu thelathini tu, wachezaji na makocha humo humo.

Nimehesabu kwa vidole. Wachezaji, makocha, daktari, katibu mwenyewe (huyo hajiachi): ishirini na tisa. Imebaki nafasi moja. Wanaoitaka ni wawili. Wa kwanza mimi, mtunza vifaa, misimu kumi na tisa bila kukosa mechi hata moja, hata ile siku mke wangu alipokuwa anajifungua. (Ameshanisamehe. Nadhani.) Wa pili mchua misuli, misimu miwili na chupa ya mafuta. Wachezaji wanamwita Vidole. Mimi wananiita Mzee wa Jezi. Heshima hainunuliwi.

Katibu amesema ataamua baada ya vipimo vya korona vya keshokutwa. Aamue anavyotaka. Mimi nimeshaamua.

Jumanne, 9 Juni

Akili ni mali! Leo nimejifungia stoo asubuhi nzima. Kuna masanduku kumi na manne, kila moja limebandikwa karatasi: JEZI NYUMBANI, JEZI UGENINI, SOKSI, BUKTA, TAULO na kadhalika. Nimebandua karatasi zote nikazibandika upya, shaghalabaghala. Siri ninayo mimi peke yangu, kichwani. Sasa timu hii haivai hata soksi bila mimi. Anitoe katibu aone.

Nilikuwa namalizia la mwisho Vidole akabisha hodi, anaomba taulo. Nikamwelekeza kwa upole kwenye sanduku la TAULO. Ndani mna koni za mazoezi. Alizitazama, akasema asante kaka, akaondoka na koni mbili. Mtu huyu hana hata aibu ya kukasirika. Kikulacho ki nguoni mwako, na mwenye nguo ni mimi.

Jumatano, 10 Juni

Vipimo. Tumepanga foleni chini ya bango la kocha lililoandikwa FIKRA CHANYA TU HUMU NDANI. Kocha hana mchezo na hilo bango. Mwaka jana kipa alisema mvua itatuharibia, akaambiwa ana mawazo hasi, akazungushwa uwanja mara mbili kwenye hiyo hiyo mvua.

Muuguzi akanichomeka kijiti puani. Kikapita, kikaendelea kupita, kikaenda kuusalimia ubongo. Nilitoa machozi lakini kiume. Zamu ya Vidole ilipofika nilimnong'oneza muuguzi kwamba pua ya yule jamaa ni ndefu, asichoke njiani. Akaniambia nikae kwenye mstari wangu.

Alhamisi, 11 Juni

Majibu yametumwa kwa simu, kila mtu na yake. Nikafungua yangu mbele ya familia nzima ili wanipongeze. HASI.

Hasi! Mimi! Nilikaa chini. Neno hilo nalijua vizuri sana. Ni neno la kuzungushwa uwanja. Na wajomba zangu ni wafugaji, najua pia fahali akihasiwa anafanywa nini. Mimi mzima kama chuma, nakula, nalala, nagombana. Mke wangu akauliza imekuwaje, nikamwambia mtandao unasumbua.

Baadaye nimelitafakari kwa utulivu. Ni kosa la maabara. Kijiti changu kimechanganywa na cha Vidole. Kosa la mtu mwingine haliwezi kunikosesha mechi. Kesho nitalirekebisha mwenyewe, kimyakimya, bila kumsumbua daktari.

Ijumaa, 12 Juni

Yamenikuta.

Orodha ya watu thelathini ilitakiwa ifike ofisi za ligi kabla ya saa sita mchana, na ikishapokelewa haibadilishwi. Orodha ya daktari kutoka maabara ilikuwa haijafika, kwa hiyo katibu akawa anampigia simu kila mtu. Mimi sikusubiri. Nilikwenda nikasimama mlangoni kwake, shati limepigwa pasi, ili akinipigia nimjibu hapo hapo kwa bashasha.

Simu ikaita.

"Majibu yako yamekujaje?" akauliza.

"Chanya, bosi," nikamjibu. "Chanya tupu."

Akauliza, taratibu sana, "Uko wapi saa hizi?"

"Hapa mlangoni kwako, bosi. Naingia nikukumbatie."

Nikasikia komeo. Nikasikia na meza inaburutwa. Kufumba na kufumbua walikuja watu wawili wenye pampu za dawa, wakainyunyizia korido, wakalinyunyizia shati, wakanisindikiza kwa mbali hadi getini. Njiani watu walinipungia mikono. Niliamini napongezwa.

Nyumbani nikaeleza kwamba mimi ni chanya. Mke wangu akarudi nyuma hadi ukutani, mama mkwe akajifunika khanga mpaka machoni. Nikawatolea simu wajionee kosa la maabara. Binti yangu wa kidato cha tatu akaisoma kwa mbali, kisha akanitazama kwa huruma ambayo mtoto hapaswi kumtazama nayo mzazi wake.

"Baba, hasi ni kwamba huna kirusi. Chanya ndiyo unacho."

Nikamwambia kocha hafundishi hivyo. Akasema kocha anafundisha mpira.

Nilipiga simu mbio. Saa sita na dakika kumi na mbili. Orodha imeshakwenda, na nafasi ya thelathini ni ya Vidole. Daktari naye kapokea yake saa saba: mimi hasi, mzima wa afya. Wote wako hasi! Timu nzima haina mtu mwenye chanya hata mmoja, na lile bango bado linaning'inia.

Jumamosi, 13 Juni

Saa kumi kamili nilikaa chumbani na redio. Misimu kumi na tisa, na leo timu imeingia uwanjani bila mimi kuwapa jezi mkononi mmoja mmoja. Nililia. Naandika wazi kwa kuwa hakuna anayesoma humu. Nililia kama aliyefiwa, mke wangu akaniletea chai, akaketi kando yangu, na hilo likanizidishia kilio.

Halafu mtangazaji akaanza kubabaika. Akasema haelewi anachokiona. Vidole kafungua sanduku la JEZI NYUMBANI, akakuta zile za misimu saba iliyopita, migongoni zina majina ya wachezaji waliokwisha kustaafu. Muda wa kutafuta nyingine ulikuwa umekwisha, wakazivaa. Dakika ya thelathini bao likafungwa na mtu ambaye siku hizi anauza simu. La pili likafungwa na marehemu, Mungu amrehemu. Mtangazaji aliomba radhi mara nne.

Tumeshinda mbili bila! Nilimkumbatia mama mkwe. Akaniuliza kama nimepona.

Jumatatu, 15 Juni

Nilijiandaa kufukuzwa. Kumbe kocha amefurahi hajawahi! Anasema zile jezi zimebeba fikra chanya za wakongwe, na hataki timu ivae nyingine. Sifa zote kapewa Vidole. Mwenye kuzificha ni mimi, anayesifiwa kwa kuzipata ni yeye. Dunia hii!

Lakini kubwa ni hili. Vidole amekwenda kwa katibu bila kutumwa. Nilikuwa nyuma ya mlango (napita tu), nikamsikia kwa masikio yangu.

"Misuli nitaichua asubuhi kambini," akasema. "Uwanjani mwekeni mzee. Juzi vijana walikuwa wanamtafuta kwa macho."

Katibu akakubali. Nafasi ya thelathini ni yangu!

Nimewaza sana. Mtu hatoi kitu hivi hivi. Huyu ana njama, tena nzito. Nilimshukuru kwa kumkazia macho.

Ijumaa, 19 Juni

Kesho tunacheza ugenini. Nimepimwa tena, hasi, nikashangilia mpaka muuguzi akanitazama. Masanduku nimeyabandika karatasi sahihi, yote kumi na manne.

Katibu ameniita, yeye dirishani, mimi nje. Kaniambia nijibu ninachoulizwa tu, kweli tupu, nisiongeze chumvi. Mke wangu kanirudia maneno hayo hayo. Binti kanisihi. Hata mama mkwe kachangia. Nimewaambia mtu mzima haambiwi mara mbili.

Jumamosi, 20 Juni

Naandika nikiwa nimekalia sanduku la soksi, kwenye geti la uwanja wa wenyeji wetu. Saa tisa na nusu. Timu imeshaingia.

Hapa getini unajazishwa fomu kwanza. Mbele yangu alikuwa mtunza vifaa wao, jamaa ana saa ya dhahabu na dharau usoni. Nikachungulia fomu yake. Swali la nne: katika siku kumi na nne zilizopita umesafiri nje ya nchi? Kaandika hapana. Nusura nicheke. Klabu kubwa hivi, mtunza vifaa hajafika popote!

Nikaona nisiiaibishe timu yangu. Nikaandika ndiyo, nchi sita. Penye kuuliza nimekutana na watu wangapi huko, nikaandika umati. Nikatia sahihi kubwa.

Daktari wa geti ameisoma mara mbili, akaniomba kwa adabu nisisogee hapa nilipo, akaenda mbio kuwaita wakubwa wake. Namwona anarudi nao, watatu, na mmoja kashika pampu. Jamaa wa saa ya dhahabu anaangalia yote haya kwa mbali, mdomo wazi. Ajifunze jinsi wageni wa maana wanavyopokelewa.