Bi Mkubwa Hataki Kuamka

Jumapili, 9 Juni
Leo amewaka kwa kuguswa tu! Injini ya sisi (cc) 750, silinda nne, kilo 235, zote zikinguruma chumba cha mbele hadi vikombe vikacheza kabatini. Mjapani wa miaka arobaini na sita. Mke wangu ana arobaini na minne, ndiyo maana pikipiki naiita Bi Mkubwa. Hesabu ni hesabu. Mke wangu hacheki.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, amekuja na kipikipiki chake cha sisi 100, ninachokiita Kiroboto. Ameomba kumzungusha Bi Mkubwa kidogo. Nimekataa. Akasema hahitaji hata ufunguo, tundu lake limelika, mpini wa kijiko unatosha. Kweli! Alipoondoka nimechukua hatua ya usalama. Sasa hakuna atakayemwasha. Hatua yenyewe siiandiki hata hapa. Daftari lina macho.

Jumatatu, 10 Juni
Bi Mkubwa hawaki! Starta inazunguka, inazunguka, moto hakuna. Nimebonyeza hadi betri imekohoa kama mbuzi mwenye mafua. Jana mzima, leo mahututi. Ng'ombe wa maskini hazai.

Mke wangu amesimama mlangoni, futi ya ushonaji shingoni. Kisha akaanza kupima chumba! Amesema vyerehani vyake viko mvunguni mwa kitanda mwaka mzima, na wateja anawapimia jikoni, kati ya sufuria. Basi Jumamosi Bi Mkubwa amfikishe kwa mama yake, kilomita 38, na amrudishe. Akishindwa anauzwa, na chumba kinakuwa cha kushonea. Nimekubali papo hapo. Mimi nilianza na toroli la maji, leo nina mashine mbili za kusaga nafaka. Siogopi tarehe.

Jumanne, 11 Juni
Ugonjwa ni kabureta. Lazima. Ziko nne, zimebanana kama ndugu kwenye picha ya harusi. Nimezitoa na kupanga vipande kwenye trei la mayai. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama. Cha mvunguni sijakipata, na mgongo umekataa kurudi.

Jioni kimepotea kishaba kimoja chenye tundu, kidogo kuliko punje ya mchele, kinachopitisha petroli. Nimemlaumu paka. Nimemlaumu Shemeji, ambaye hakuwepo. Mke wangu amekileta kutoka kwenye kopo lake la vifungo, akauliza ni cha shati gani.

Alhamisi, 13 Juni
Kabureta zimerudi, zinang'aa. Bi Mkubwa kimya.

Mpango mpya: kumwasha kwa mteremko. Mita 200, kilo zake 235, zangu 61. Uzito wenyewe utafanya kazi! Nimeshuka vizuri sana, kimya kama jeneza. Nilipofika chini ndipo nilipokumbuka kwamba mteremko, ukiutazama kutoka chini, unaitwa mlima.

Shemeji ametokea na kamba. Sijui nani alimwita. Sisi 100 zimezivuta sisi 750 mtaa mzima. Nilifunga kioo cha helmeti nisitambulike. Watoto wote wameniamkia shikamoo. Shemeji amechukua betri akaichaji, bila kuombwa, na kunipa pole: uzee hauna dawa, shemeji. Sikumwuliza alimaanisha uzee wa nani.

Ijumaa, 14 Juni
Mke wangu ameanza kumfuta Bi Mkubwa kwa kitambaa. Akiuzwa, amesema, aende amependeza, watu wasiseme tulimtesa. Amefuta tangi polepole, kama anayeosha uso wa mtoto. Mimi nimejifanya natafuta spana. Macho yalikuwa yananiwasha kwa petroli.

Amefika kwenye mpini wa kulia. Kitambaa kikanasa. Tak! Akauliza: hiki chekundu cha nini?

Swichi ya kukata moto! Ikizimwa, starta itazunguka hadi kiama na injini haitawaka. Ni mjinga gani aliye... Jumapili. Mimi. Hatua ya usalama.

Kitambaa kimeirudisha! Nimebonyeza starta. Silinda zote nne, kwa pamoja! Nimemweleza mke wangu kwamba usafi wa kabureta ni kama dawa, huchukua siku tatu kuingia mwilini. Amesema, ahaa. Ahaa hiyo siipendi.

Jumamosi, 15 Juni
Tumefika! Tumerudi! Njiani mke wangu alinibana mbavu huku akipiga kelele. Nilidhani anasali, nikapunguza mwendo. Alikuwa anasema ongeza.

Kwa hiyo chumba ni changu. Ila mke wangu amepima tena na kuona kinatosha wake wenza wawili: vyerehani dirishani, Bi Mkubwa ukutani. Nikafungua mdomo kupinga. Nikaona ameshashona kifuniko kipya cha kiti, mishono miwili miwili, kimemkaa kama alipimwa akiwa amesimama. Nikaufunga mdomo.

Jumapili, 16 Juni
Mke wangu amepata oda yake kubwa ya kwanza: sare za kwaya nzima. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nampeleka kuchukua vitambaa, kabla fundi wa ng'ambo ya barabara hajavinyakua. Amesema ananitegemea. Mimi na Bi Mkubwa, amesema. Amemtaja kwa jina!

Lakini Shemeji amepita, akaiangalia swichi nyekundu, akanikonyeza. Dada yake amemwambia. Siri imevuja.

Mtu mzima hujifunza. Kosa langu lilikuwa kutumia kitu kinachoonekana. Leo nimechomoa fyuzi kuu ya umeme wake, ndogo kama kifungo, nikaificha mahali ambapo hakuna binadamu atakayewaza kutafuta. Ni wapi, siandiki. Kichwa changu kinatosha.