Fundi wa Kompyuta wa Jirani Yangu

Jumatatu, 5 Mei

Kompyuta imezima mara tatu kabla ya saa nne asubuhi. Mashine yangu ya kudarizi haishoni nembo bila kompyuta, na mimi bila nembo ni muuza sweta tupu kama wengine wote wa mtaa huu wa Rhonda. Nina oda ya sweta arobaini za kwaya ya shule moja ya Subukia. Sweta zenyewe ziko tayari. Mwalimu mkuu, Madam Chesang, anakuja kuzichukua Ijumaa saa kumi. Jumamosi watoto wanaimba kwenye mashindano.

Ng'ambo ya barabara, jirani yangu Akeyo anashona bila wasiwasi. Mashine yake ni kama yangu. Kompyuta yake ni kuukuu kuliko yangu. Haijazima tangu Januari! Nimechunguza. Siri ni mama mmoja mwenye begi jeusi, anaitwa Chelagat, hutoka mjini kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Leo amekaa kwa Akeyo saa nzima.

Nilivuka kuuliza kompyuta inaugua nini. Akeyo akasema haiugui. Chelagat huja ili isiugue, na hulipwa kila mwezi, iharibike isiharibike. Nilicheka hadi nikatafuta kiti. Nani humlipa daktari akiwa mzima?

Akeyo akaniambia, "Cheka tu, Makhanu. Ukitaka namba yake, niulize."

Sitaki namba. Nataka anachojua.

Jumanne, 6 Mei

Bahati! Chelagat amerudi kumletea Akeyo waya fulani. Nilimdaka akitoka, nikamkaribisha chai na mandazi mawili. Nikamwambia nina rafiki mwenye kompyuta inayosumbua. Akauliza rafiki anafanya kazi gani. Nikasema anashona nembo za shule. Akatazama mashine yangu, akanitazama mimi, akaendelea na mandazi.

Ni mtu mkarimu. Alisema rafiki aweke nakala ya kazi zake mahali pengine. Pia aweke paswadi ndefu, si jina la mtoto. Na asimruhusu kila mtu kuigusa kompyuta. Nikaandika yote kwenye kipande cha boksi la sweta. Sasa elimu yake yote ninayo kwa mandazi mawili. Akeyo hulipa kila mwezi!

Nikaanza na paswadi kwa sababu ndiyo rahisi. Herufi ishirini na mbili, namba, na alama ambazo sijui zinaitwaje. Hata mimi siwezi kuikumbuka. Ndiyo nguvu yake. Nikaiandika kwenye kile kipande cha boksi.

Nakala nitaweka kesho.

Jumatano, 7 Mei

Mke wangu, Nakhumicha, amewasha jiko kwa kipande cha boksi.

Nilimweleza kilichokuwa kimeandikwa pale. Akasema boksi lilikuwa kavu vizuri. Akauliza kwa nini kitu cha maana kiliachwa karibu na makaa. Nikaondoka nikiwa nimekasirika.

Nimejaribu paswadi mara thelathini. Kompyuta haikubali. Nikamwita shemeji yangu Khaemba, ambaye hutengeneza friji. Umeme ni umeme. Khaemba alifanya kazi kwa utulivu mkubwa, na saa nane kompyuta ikafunguka. Nilimkumbatia! Kisha nikaona ni safi kabisa. Hakuna nembo. Hakuna hata moja ya miaka sita. Khaemba akasema alilazimika kuifuta yote ili ifunguke, kama friji iliyojaa barafu.

Akarudisha programu ya mashine, hilo namshukuru. Akanipa pia namba ya jamaa mmoja mjini anayechora nembo za mashine. Nikamwandikia jamaa kwa simu: tawi la kahawa, kitabu kilichofunguka, na chini wito wa shule. Simu yangu ina tabia ya kunimalizia maneno. Huniokolea muda. Jioni faili ikafika. Nzuri sana. Rangi hadi inang'aa.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeshona kutwa nzima. Sweta arobaini! Mashine haikukwama hata mara moja. Ninaposhona mimi hutazama uzi, sitazami maandishi. Fundi mzuri hutazama uzi.

Saa kumi na moja nilizipanga zote mezani, nikamwita Nakhumicha aone. Alishika moja. Akaishika kwa muda. Akaweka, akashika ya pili. Kisha akauliza kwa upole:

"Baba Wekesa, Mwangi ni nani?"

Wito wa shule ni ELIMU NI MWANGA.

Sweta arobaini zinasema ELIMU NI MWANGI.

Nilitazama ujumbe niliomtumia jamaa. Mwangi yuko pale, wazi, simu imemwandika na mimi nikamtuma. Jamaa hana kosa. Nakhumicha alikaa chini. Nilidhani analia, lakini mabega yalikuwa yanatikisika kwa sababu nyingine. Kicheko kilipoisha akasema hao watoto wamefanya mazoezi tangu Februari, na wataimba mbele ya watu wakiwa na jina la mtu kifuani. Hapo hata mimi sikuweza kula.

Nimewaza. Nina mpango.

Ijumaa, 9 Mei

Saa moja asubuhi nilikwenda kwa Akeyo kuazima sindano. Namba ya Chelagat imebandikwa juu ya kompyuta yake. Nikaikariri. Nikampigia nikiwa nyuma ya choo, nikasema mimi ni kakake Akeyo, na kwamba tawi la pili la Akeyo limepata dharura. Akeyo ameshalipa mwezi huu, kwa hiyo Chelagat angekuja bila malipo mapya. Mpango safi.

Alifika saa mbili unusu. Akaenda moja kwa moja kwa Akeyo kuuliza tawi liko wapi. Wakavuka barabara pamoja.

Akeyo akasimama mlangoni pangu, mikono kiunoni. "Kumbe nina kaka! Mama hakuniambia."

Nikawaonyesha sweta. Nguvu ya kutunga uongo mwingine sikuwa nayo. Akeyo alisoma nembo na hakucheka. Hilo liliniuma kuliko kicheko. Chelagat akauliza swali moja tu: nembo ya zamani iliwahi kushonwa kwenye mashine nyingine? Nikasema hapana. Akeyo akasema ndiyo. Mwaka jana uzi wangu ulikwama, akanishonea sweta sita za shule hiyohiyo. Faili iko wapi, alikuwa ameshasahau. Lakini kompyuta yake hujiwekea nakala kila jioni, Chelagat aliipanga hivyo, na nakala haisahau.

Dakika nne! Chelagat alirudi na nembo, Mwanga akiwa mahali pake.

Hakukuwa na muda wa kufumua. Tukashona nembo mpya kwenye vipande vya kitambaa, mashine mbili, yangu na ya Akeyo. Aliisimamisha kazi yake mwenyewe. Nakhumicha akazibandika juu ya zile za kwanza kwa sindano ya mkono, moja baada ya nyingine, hadi vidole vikavimba. Saa kumi kasorobo tukamaliza. Madam Chesang akapapasa moja, akasema nembo za mwaka huu ni nene, zitadumu.

Nikasema ndiyo, Madam, tumeongeza ubora.

Jumamosi, 10 Mei

Kwaya imekuwa ya pili. Madam Chesang amepiga simu kushukuru. Nimempigia Chelagat, kwa jina langu halisi, akanikubali niwe mteja wake wa kila mwezi. Ameleta kijisanduku cheusi chenye taa ya kijani, kinachotunza nakala ya kila kitu. Nimebadilika. Nakhumicha anasema tutaona.

Jumatatu, 2 Juni

Chelagat amekuja. Amekaa saa nzima mbele ya kompyuta na kunywa vikombe viwili vya chai. Nikauliza ametengeneza nini. Akasema hakuna, kila kitu kiko sawa, na akaonekana kufurahi!

Jumanne, 10 Juni

Mwezi mzima kompyuta haijazima hata mara moja. Nimekaa nikafikiri kama mfanyabiashara. Kama haiharibiki, fundi wa nini? Nimempigia Chelagat na kumshukuru kwa heshima zote. Akanitakia kila la heri.

Kijisanduku nimekifungua mwenyewe. Kilikuwa kimejaa mafaili yenye majina yasiyoeleweka, tarehe juu ya tarehe, mengine yamejirudia. Uchafu mtupu. Nimefuta yote. Sasa kuna nafasi ya kutosha, na nimekijaza mieleka ya Wamarekani kutoka flashi ya muuza filamu wa pale kona. Wateja wakisubiri sweta watatazama.

Akeyo hana mieleka.