Mbuzi Alivyoondoka na Mti wa Mgeni Rasmi

Leo nimeaibika. Nilizima simu, nimeiwasha tena ili mlisikie jambo hili kwangu kabla halijawafikia kutoka kwa watu wa Nyasho.

Hapa Kigera, Musoma, tuna uwanja ambapo mama yangu na wenzake huanika dagaa. Katikati palikuwa na mwarobaini mkubwa, chini yake ndiko walikokaa wakifukuza kunguru. Kampuni moja inayojenga hoteli jirani (jina nalihifadhi, bado naishi mji huu) ikaja na mpango wa bustani ya wananchi. Miti, viti, nyasi, na kona ya kuanikia ingebaki. Mjumbe wa kamati ya bustani ni mimi. Niliyepita nyumba kwa nyumba kuwabembeleza akina mama ni mimi. Mama yangu alikubali wa mwisho.

Leo ndiyo uzinduzi. Nafika asubuhi na fulana yangu ya kijani, mwarobaini haupo. Kimebaki kisiki. Nikamuuliza msimamizi, akasema umekatwa kupisha miti. Jibu halikuniingia, lakini nilikuwa nimeshakabidhiwa kipaza sauti. (Mpe mtu wa Musoma kipaza sauti, akili inakaa pembeni.) Na miti mipya kweli ilikuwepo, mibichi, imepangwa mstari.

Sisi watu wa mifugo hatumwachi mgeni aondoke mikono mitupu. Kamati ilileta beberu wa zawadi. Mgeni rasmi alipomaliza kupanda mti wake, beberu akaanza kunisumbua, nikafanya anachofanya kila aliyekulia zizini: nikamfunga kwenye mti wa karibu. Ndio ule wa mgeni rasmi. Nikarudi kutangaza.

"Mti huu," nikasema, "utawapa kivuli wajukuu zetu."

Beberu akaondoka nao.

Hata hakukimbia. Alitembea taratibu, mti unamfuata, akapita mbele ya meza kuu kuelekea ziwani. Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikidhani udongo haukushindiliwa. Nikamkamata, nikaunyanyua mti juu ili watu waone uko salama. (Hapo ningeuacha tu uende.) Chini hapakuwa na mzizi hata mmoja. Palikuwa na alama ya panga.

Mama mmoja akang'oa wa pili. Tawi. Wenzake wakaingia mstarini, wanang'oa kama karanga. Yote matawi. Kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi, uwanja mzima ukanisikia nikisema, "Yesu wangu."

Mama yangu akanisogelea, akashika majani.

"Huu si mwarobaini wetu? Tulikuwaga tunakaa chini yake. Leo mmetuchomekea vipande."

Nikamkimbilia msimamizi kuuliza ile kona ya dagaa. Akanionyesha kwa kidevu. Lori lilikuwa linamwaga kokoto za maegesho ya hoteli. Miti yenyewe italetwa baadaye, akasema, leo walihitaji picha.

Nimeumia, jamani. Wale kina mama hawana pengine pa kuanika, na walioniamini ndio hao. Mama hakunigombeza, bora angenigombeza. Aliinama akakusanya matawi, akayafunga kwa kanga.

"Angalau tumepata kuni, mwanangu," akasema.

Sasa hivi kampuni imeweka picha mtandaoni. Niko katikati, nimenyanyua mti juu, meno yote nje. Picha wameikata kidogo tu juu ya pale mizizi ingekuwepo. Chini wameandika: mwananchi akifurahia bustani yake.

Naomba msicheke. Na mkishindwa kujizuia, chekeni, ila msiilaiki.