Kaburi la Fidia

Gari la matangazo lilipita kijiweni kwa Irine, pale Mikumi, watu wakiwa kwenye kahawa ya kwanza. Makaburi yote yaliyopitiwa na upanuzi wa barabara ya Kilosa, likatangaza, yatahamishwa Jumamosi, na ndugu wa marehemu wafike wenyewe. Rafaeli, ambaye kijiwe kilishambatiza Mzee wa Fidia, akapaliwa.

Boniface akampigapiga mgongoni. Huyu wanamwita Wakili, ingawa mahakamani aliingia mara moja tu, tena kwa kesi ya mbuzi, na mshtakiwa alikuwa yeye.

"Kunywa taratibu, mfiwa," alisema. "Pole kwa msiba ambao Mikumi nzima hatukula hata ubwabwa."

Benchi likaangua kicheko. Nani asiyelijua kaburi lile? Lilichomoza uani kwa Rafaeli wathamini wa fidia walipokaribia kufika, na msalaba wake ni chaga za kitanda.

Rafaeli akajitetea kwamba hata Wakili alichomeka matawi ya mitiki yasiyo na mizizi akayaita shamba. Wakili akamjibu kwamba mti ukikauka ni ukame, ila kaburi likifukuliwa likakutwa tupu, hiyo ni kesi.

Hapo Rafaeli akapoa. Mthamini alishaonya kwamba atakayedanganya, madai yake yote yanatupwa, ya nyumba pia. Na nyumba ile aliijenga tofali kwa tofali kwa kupakua malori, mgongo ukapinda.

"Kwani ulimtaja nani?" Irine akauliza, birika likibaki hewani.

Rafaeli akanong'ona kwamba aliulizwa ghafla. Kumtaja mama yake mzazi akaona nuksi, basi jina lililomjia mdomoni likawa Bibiana.

"Bibiana yupi?"

"Mama yake Gaudiosa."

"Gaudiosa mkeo? Yaani umemzika mkweo yuko hai?"

Wakili aliteleza kutoka kwenye benchi mpaka chini, akabaki hukohuko akicheka na kujishika mbavu. Irine akashauri wafukie gogo la mgomba wakalilie Jumamosi, machozi atatoa yeye. Rafaeli akajipa moyo: mama mwenyewe anaishi Kilosa, habari za huku atazipatia wapi.

"Lile gari," Irine akasema polepole, "si limetokea Kilosa?"

Hajajibiwa, bodaboda ikasimama mbele yao. Akashuka mama wa makamo, kitenge cha Umoja wa Akina Mama kiunoni, begi kubwa la nguo mkononi. Rafaeli akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Bibiana akakalia nafasi ya Rafaeli, akavuta kikombe chake, akanywa funda moja bila haraka. "Wamenitangaza marehemu Kilosa nzima. Nikaona msihangaike kuchimba, nimejihamisha mwenyewe. Haya, chumba changu ni kipi?"