Mkono wa Atupele Dirishani

Sogeeni, enyi wa Bujonde na Matema, nanyi mpakuao vyungu Lyulilo! Tulieni niwasimulie vita vya Atupele mgeuza kakao, shujaa wa vichanja, ambaye tangu aingie ghalani hakupata kupumzika hata siku moja pasipo kukatwa ujira.

Bwana Ebenezer, meneja mwenye koo la tarumbeta, alipanda juu ya magunia akanguruma: "Kwa huruma ya uongozi, atakayechanjwa UVIKO leo, kesho apumzike kwa malipo kamili! Asiyechanjwa, tukutane vichanjani!"

Atupele akajifunga kitenge, akaitwaa njia ya zahanati, akaivumilia foleni na jua lake hata akaufikia mlango. Lahaula! Ndani, kwenye benchi, aliketi Mzee Gwamaka, baba mkwe wake, aliyekwisha kuchanjwa na kuambiwa angoje aangaliwe hali.

Nanyi mwajua: kwetu mke wa mtu hamtazami baba mkwe, hapiti mbele yake wala hasemi naye; wakikutana njiani, mwanamke huingia migombani. Atupele akarudi nyuma, kitenge usoni, akiiona siku yake ya mapumziko inapotea.

"Mama, ingia, nataka kufunga!" akaita Nesi Adela, mgeni aliyehamishiwa kwetu majuzi.

"Siwezi, dada. Mkwe yumo."

"Kwani mkwe ndiye anayechoma sindano?"

Atupele akazunguka nyuma ya jengo, akapindua ndoo, akapanda, akaupenyeza mkono wake kati ya nondo za dirisha hadi begani, kama jemadari anayevunja ngome.

"Chuoni sikufundishwa hivi!" akalia Nesi.

Ndipo Mzee Gwamaka akageukia ukuta, akauhutubia kwa sauti ya baraza: "Ewe ukuta, mwambie nesi kwamba mkono ule ni wa mwanangu, tena ni mchapakazi. Auchome. Mimi hapa sioni kitu."

Sindano ikashuka. Mkono haukutetereka. Kutoka nje ikasikika sauti ndogo: "Ndaga fijo," yaani asante sana, nayo shukrani hiyo ilimwendea Nesi tu, mzee asidhani vingine.

Kesho yake kengele ya ghala ililia, kakao ikageuzwa na wengine, na Bwana Ebenezer akatembea huku na huko akiitafuta huruma yake. Atupele alikuwa kitandani, bega limevimba, akicheka peke yake kwa furaha. Vizazi na vijue: katika ghala lile, huo ndio mkono wa kwanza kulipwa ukiwa umelala.