Programu Iliyokataa Kustaafu

Siku ya lundi, yaani Jumatatu, ilitangazwa rasmi pale Mweso kwamba Ofisi ya Vyeti imeingia katika zama za kompyuta. Papa Léonard, chef de bureau, mkuu wa ofisi hiyo, alisoma tangazo mara mbili, ya pili kwa heshima ya waliochelewa. Kuanzia leo, alisema, mwananchi hatamsubiri tena mtu. Atasubiri mashine.

Na kweli walisubiri. Mama Adelaïde alikuwa amefika kwa pikipiki kutoka Pinga, tope mpaka magotini, kutafuta cheti cha kuzaliwa cha binti yake Brigitte. Bila cheti, mtoto haandikwi kwenye examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari.

"Rudi kesho," Papa Léonard alimwambia kwa upole.

"Lakini Papa, kesho asubui njo banafunga liste ya mutihani!"

"Basi rudi kesho kutwa."

Ndani, kompyuta ilikuwa imekwama. Estelle, fundi aliyetumwa kutoka Goma, alieleza: "Papa Chef, programu ya byeti inaomba ile ya kuchapisha ikuwe version mupya. Sasa ya zamani iko inakalia nafasi, na mbili haziwezi kukaa pamoja. Tutoe ya zamani."

Papa Léonard alishtuka kama aliyeambiwa amfukuze mjomba wake. "Imefanya kosa gani?"

"Hakuna kosa. Imezeeka tu. Hakuna kitu inaitegemea tena."

"Dada, mu bureau hii hatufukuzake bazee!"

Yeye mwenyewe, tuseme ukweli, umri wa kustaafu alishaupita zamani, na naibu wake Yves alikuwa amekingoja kile kiti mpaka mvi zikamwota. Maskini Yves.

Chef akaamuru programu zote mbili zikae pamoja kwa maelewano. Mashine ikakataa. Akaamuru ya zamani ipewe cheo cha mshauri mkuu. Mashine ikakataa tena, hata pole haikusema.

Huko nje Mama Adelaïde akaangua kilio. "Mutoto amesoma myaka yote na njaa, leo munaniambia mashini!" Kilio kikamfikia mkaguzi kutoka mkoani, aliyekuwa akinywa Fanta yake chumba cha pili. Akaja kuchungulia. Papa Léonard akaona aibu, na hofu kuliko aibu. Akaandika uamuzi haraka, akaugonga mihuri, akausoma kwa sauti ya mimbarini:

"Yeyote, awe programu ao mutumishi, aliyezeeka, anayezuia wapya kuingia, na ambaye hakuna kazi inayomtegemea, atolewe leo leo. Hakuna rufaa."

Estelle akabonyeza. Cheti cha Brigitte kikatoka. Mama Adelaïde akakibusu, "Aksanti Yezu!", akarukia pikipiki. Saini ya chef hakuingoja, wala hakuna aliyeikumbuka.

Mkaguzi peke yake alikuwa bado anasoma ule uamuzi. Akamtazama Papa Léonard. Akausoma tena.

"Uamuzi muzuri sana, Papa," alisema. "Tuutekeleze wote."

Saa ya chakula haijafika, Papa Léonard alikuwa kwenye benchi la wananchi, kofia magotini, akiomba cheti cha mwisho wa kazi ili apate pensheni yake.

"Hii moja inaomba saini ya chef de bureau," alisema Estelle.

"Chef ni mimi!"

"Umetolewa, Papa."

"Basi Yves asaini!"

"Yves hawezi kuwa chef kabla ya cheti chako kutoka."

Papa Léonard akamgeukia Yves kwa macho ya kuomba. Yves akakohoa kidogo, akaweka tai sawa.

"Rudi kesho, Papa," akasema kwa upole.